Wikendi ya kundi Pangani: angalieni mwezi kabla ya kuchanga

Makundi mengi ya Arusha na Moshi hupanga safari ya Pangani, pwani ya Tanga, kwa kufuata mwisho wa mwezi, mshahara ukishaingia. Afadhali mngefuata mwezi wa angani. Kinachowapeleka wengi huko ni Maziwe, fungu la mchanga katikati ya bahari, hifadhi tangu 1975. Fungu hilo huonekana maji yakipwa, yakijaa, linamezwa.

Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya pwani hii hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hapo mambo hukaa sawa: mnakunywa chai, mnapanda boti saa mbili, mnapata nafasi ya kutosha mchangani, mnarudi kabla upepo wa mchana haujachafua bahari. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Asubuhi maji yamejaa, yanapwa alasiri, na hata yakipwa hayashuki sana. Boti mtailipia bei ile ile, ila mchanga huenda msiukanyage. Tena maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya Jumamosi si saa ya Jumapili. Nahodha ana hesabu hii kichwani. Mpigieni simu kabla ya kutangaza tarehe kwenye kundi la WhatsApp, si baada.

Masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, acheni. Juni na Julai kuna upepo wa kusi: hewa ya kupendeza, lakini mawimbi huwatapisha watu wa bara. Januari na Februari bahari hutulia, na joto ni la kweli.

Kwenye pesa, tenganisheni gharama mbili. Gari, dereva na boti hazipungui hata wakija watu wachache. Malazi na chakula huhesabiwa kwa kichwa. Gharama za kwanza zigawanyeni kwa idadi ya waliokwisha kulipa, msihesabu walioandika "nipo". Ishirini wakiahidi, panga bajeti ya kumi na wanne. Nusu ya mchango ilipwe wiki tatu kabla, na muandike mapema kwamba anayejitoa wiki ya mwisho harudishiwi fungu la gari. Hapo ndipo urafiki mwingi huvunjika, na mweka hazina ndiye hulaumiwa.

Kosta inatosha watu 20 na mizigo yao. Ukijaza viti vyote, mabegi yatakaa mapajani. Arusha hadi Tanga ni kama kilometa 435, Moshi kama 350, na Tanga hadi Pangani karibu 50 nyingine. Ongezeni mizunguko ya huko, kutoka Arusha ni kama kilometa 1,000 kwenda na kurudi. Kosta ya dizeli hutembea kilometa 6 hadi 8 kwa lita, kwa hiyo wekeni lita 150 kwenye hesabu. Mwenye gari akisema "full tenki moja inatosha", mwombeni awaonyeshe hilo tenki. Mwulizeni pia kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha gari la kukodi, maana daladala ya mjini ikisimamishwa Same bila kibali, wikendi yenu inaweza kuishia hapo.

Ombeni ruhusa ya Ijumaa, muondoke asubuhi yake. Mkiondoka Jumamosi alfajiri mtafika mchana, maji yameshaanza kurudi, na kisiwa kitabaki cha Jumapili, siku ambayo mnatakiwa muwe njiani. Barabara ya Himo, Mwanga, Same, Hedaru hadi Korogwe ni lami nzuri, na ndiyo maana madereva hujisahau. Vijiji ni vingi, kibao cha 50 kinafuatana na kingine, na tochi za trafiki zipo. Kosa moja ni shilingi 30,000. Kubalianeni mapema nani atalipa faini. Mombo panafaa kwa chakula. Segera msipitilize: moja kwa moja ni Chalinze, Tanga ni kushoto. Muheza kuna barabara ya mkato ya vumbi kwenda Pangani, nzuri kiangazi, lakini mvua ikinyesha Kosta haina kazi pale. Zungukeni Tanga.

Kama mnalala Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, na mnategemea pantoni, hakikisheni mmefika kabla ya giza. Maji ya mto huo ni ya kwenu, yanatoka Kilimanjaro na Meru na kupita Nyumba ya Mungu, lakini undugu huo usiwadanganye mkaoga humo: kuna mamba, na mdomoni mwa mto maji yakipwa huvuta mtu kuelekea baharini. Ogeleeni ufukweni, mbali na mdomo.

Kabla ya kupanda boti, hesabuni jaketi za kujiokolea: kila kichwa na lake, limevaliwa, si limekaliwa. Watu 20 wagawanyeni boti mbili. Vaeni viatu vya mpira majini, kwa sababu wale viumbe weusi wenye miiba mirefu hukaa mawe kwa mawe, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyayo.

Chakula cha jioni agizeni asubuhi. Jikoni ndogo haina samaki wa watu 20 kwenye friji; mpishi hununua wavuvi wakitua. Samaki wazima, kilo moja hulisha watu wawili au watatu, basi agizeni kilo 8 hadi 10. Mbuzi wa kutoka nyumbani mwacheni huko huko, siku mbili za kukosa nyama choma hazijaua mtu. Maji ya kunywa, lita 3 kwa kila mtu kwa siku. Mjini tembeeni na kanga au shati. Nguo za kuogelea ni za ufukweni.

Laleni ndani ya chandarua, hata kama feni inavuma. Mtu wa Arusha hajazoea malaria ya pwani. Homa ikianza wiki moja au mbili baada ya kurudi, msiseme ni uchovu wa safari: pimeni, na mwambieni daktari mlitoka Tanga.