Kazi ya majira ya joto katika tamthilia za muziki Marekani: nichague mkataba upi?

Swali: Nimetoka Mombasa na ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya tamthilia ya muziki nchini Marekani, kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni. Baada ya usaili wa pamoja nimepewa nafasi mbili za majira ya joto. Ya kwanza ni uanagenzi usio na mshahara katika ukumbi mkubwa wenye jina, ambako mchana nitafanya kazi kwenye karakana ya mandhari, inakotengenezwa mapambo ya jukwaa, na usiku "huenda" nikaimba katika kundi. Ya pili ni kampuni ndogo ya wanafunzi inayobadilisha tamthilia karibu kila wiki na kulipa posho kidogo. Zote mbili zinatoa malazi. Je, sheria inaniruhusu, na nichukue ipi?

Jibu: Suala la viza ndilo la kwanza, kwa kuwa mkataba mzuri usio na kibali unaweza kukugharimu masomo yenyewe. Mwenye F-1 anayetaka kufanya kazi ya fani yake nje ya chuo kabla ya kuhitimu mara nyingi huhitaji kibali cha mafunzo kwa vitendo, kinachojulikana kwa herufi CPT. Kwa kawaida sharti uwe umesoma muda wote kwa mwaka mmoja wa masomo, jambo ambalo kwako limetimia, na kazi hiyo iwe sehemu ya mtaala, aghalabu kwa kuandikishwa katika kozi ya mafunzo ya nje. Kibali hutolewa na ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni mwako, huandikwa kwenye fomu yako ya I-20, yaani hati ya chuo inayothibitisha uanafunzi wako, pamoja na jina la mwajiri na tarehe, na huruhusiwi kuanza hata siku moja kabla ya tarehe hiyo. Usidhani kwamba nafasi isiyo na mshahara haihitaji kibali, kwani malazi nayo huweza kuhesabiwa kuwa malipo. Miezi miwili au mitatu haitakuharibia kibali cha kazi cha baada ya kuhitimu; kinachokifuta ni kutimiza miezi 12 ya CPT ya muda wote katika ngazi ileile ya shahada.

Kuhusu uchaguzi wenyewe, mimi ningechukua kampuni ndogo. Mtindo huo wa kazi ni wa zamani huko Marekani: College Light Opera Company ya Falmouth, Massachusetts, imekuwa ikiwakusanya wanafunzi tangu 1969, na kwa miaka mingi imetayarisha tamthilia tisa katika msimu mmoja. Mchana mnajifunza tamthilia ya wiki ijayo na usiku mnaonyesha ya wiki hii. Utalazimika kushika sauti yako katika nyimbo za pamoja kwa siku chache, kukariri hatua za ngoma huku maneno ya tamthilia nyingine yangali kichwani, na kuilinda sauti isikauke kufikia wiki ya tano. Haya hayafundishiki darasani, kwa sababu chuo hukupa muhula mzima kwa onyesho moja.

Ukumbi wenye jina nao una faida yake, nami siidharau karakana, kwani mwigizaji aliyewahi kusukuma mandhari gizani huheshimu kazi ya wenzake wa nyuma ya jukwaa. Tatizo langu ni neno "huenda". Waombe waandike katika mkataba idadi ya maonyesho utakayoimba, saa za karakana kwa wiki, na siku ya mapumziko. Wakikataa kuandika, chukulia kwamba utapiga rangi mbao msimu mzima. Wakikuhakikishia maonyesho mawili au matatu chini ya mwongozaji unayetaka akufahamu, hesabu hubadilika.

Usitarajie sheria ya kima cha chini cha mshahara ikutetee kila mahali. Sheria ya shirikisho huzisamehe taasisi za burudani za msimu zisizofanya kazi zaidi ya miezi saba kwa mwaka, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti makali zaidi. Kwa hiyo piga hesabu ya posho baada ya chakula na nauli, ukiuliza pia kama malazi yana jiko na kama yako mbali na ukumbi, maana mazoezi ya taa na sauti huisha usiku sana na miji mingi ya mapumziko haina basi saa hizo. Ukilipwa, kagua hati ya malipo: mwanafunzi wa F-1 ambaye bado si mkaazi kwa hesabu za kodi, kwa kawaida katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda, hakatwi michango ya hifadhi ya jamii, lakini kodi ya mapato inaweza kumhusu.

Usiwahi kukubali kujiunga na chama cha waigizaji, Actors' Equity, kwa kuona fahari tu. Mwanachama hazuiwi kusoma, ila hufungiwa kazi katika kumbi zisizo na mkataba na chama, ambazo ndizo nyingi kati ya zinazoajiri wanafunzi wakati wa joto.

Kabla ya kumjibu mwajiri yeyote, peleka barua zote mbili za ajira kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni na umuulize kibali huchukua muda gani chuoni kwenu. Muda huo ukipita tarehe ya mazoezi ya kwanza, mwombe mwajiri akupokee kwa kuchelewa, na umwombe kwa maandishi.