Kwenda Kazini kwa Baiskeli

Swali: Ofisi yangu iko kilomita 8 kutoka nyumbani, nami nimechoshwa na foleni za magari. Je, nitawezaje kwenda kwa baiskeli bila kufika nimelowa jasho?

Jibu: Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa utatumia kama dakika 32, na jasho litapungua ukifunga mzigo kwenye keria badala ya kuubeba mgongoni. Ijaribu njia kwanza siku ya mapumziko, ukichagua barabara zenye magari machache hata kama zinazunguka. Unapopita kando ya magari yaliyoegeshwa, acha nafasi ya mita 1 hivi, kwa sababu mlango unaofunguliwa ghafla (madereva wengi hawatazami nyuma) humwangusha hata mwendeshaji mzoefu. Gari usiliuze bado. Anza na siku 2 kwa wiki.