Majibu kwa aliyeuliza udongo wake wa Tandahimba ni wa aina gani

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu uliyopewa. Kwa wanaoingia sasa: jamaa ana ekari 20 Tandahimba, nusu ina mikorosho ya zamani, nusu ni pori alilosafisha. Amepeleka maabara sampuli mbili, ya sentimita 0 hadi 20 na ya 20 hadi 50. Cheti kimerudi hivi: pH (kipimo cha uchachu, namba ndogo ndiyo asidi zaidi) 5.1 juu na 4.8 chini, mfinyanzi asilimia 9 juu na 18 chini, kaboni 0.7 na 0.3, CEC (uwezo wa udongo kushika virutubisho na kubadilishana na mizizi) 3.4 na 3.0, jumla ya besi (kalsiamu, magnesiamu na wenzake) 1.6 na 1.1, fosforasi 4 kwa njia ya Olsen. Anauliza huu ni udongo gani, unafaa mahindi, na je anunue chokaa. Mmoja kamjibu "udongo mbovu, uza", mwingine "kichanga chekundu hicho, panda korosho, basi".

Wa kwanza sikubaliani naye. Wa pili kapatia, ila hakusema kwa nini. Nimefanya kazi ya upimaji udongo huku kusini, Newala, Masasi, Nachingwea hadi Lindi vijijini, na vyeti vya namna hii si vigeni kwangu. Namba zako ni za kawaida kabisa kwa upande huo. Ila cheti kinasema habari za kilichokuwa ndani ya mfuko, wakati wewe unataka habari za shamba. Ili ufike huko unahitaji mambo mengine mawili ambayo maabara haikuyaona: umbo la ardhi na mvua.

Tuanze na ardhi. Tandahimba iko juu ya uwanda wa Makonde. Uwanda huo umeinamia baharini. Upande wa Newala unapita mita 700 juu ya usawa wa bahari, halafu unashuka taratibu kuelekea pwani. Juu pale tembea utakavyo, mito huikuti. Mvua inanyesha, maji yanazama. Ndiyo sababu wazee wanasimulia jinsi watu walivyokuwa wakishuka mabondeni kufuata maji, na ndiyo sababu maji ya bomba ya huko yanasukumwa kwa mashine kutoka bondeni kwenda juu. Kukosekana kwa mito tayari kumekueleza jambo la udongo hata kabla hujashika jembe: chini yako kuna kina kirefu cha udongo wa kichanga unaopitisha maji haraka, uliotokana na miamba ya mchanga. Mchanga wenyewe ulishaoshwa na kusafirishwa na maji zamani sana kabla haujawa shamba la mtu, kwa hiyo madini yanayoweza kuoza na kutoa virutubisho vipya yamebaki machache mno.

Sasa teremka Masasi. Mvua ya Masasi na ya Newala zinakaribiana, lakini udongo ni mwingine. Pale miamba ni naisi ya kale, yaani mwamba mgumu, ile iliyobaki imesimama kama vilima vya mawe unavyoviona ukiingia mjini. Karibu na vilima unakuta udongo mwekundu wenye mfinyanzi, katikati ya mteremko unakuwa wa kichanga na rangi inapauka, na ukifika bondeni umekanyaga mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi. Mpangilio huu wa udongo kubadilika kutoka juu hadi bondeni aliuandika Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyefanya kazi Amani kule Usambara, mwaka 1935, akauita katena. Dunia nzima inautumia hadi leo, na ulitoka hapa hapa kwetu. Kwa hiyo mtu akikwambia "udongo wa Mtwara uko hivi", muulize kwanza Mtwara ipi.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya vitabuni: mpango wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, ulifyeka mapori kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Kongwa mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu, karanga zikagoma kung'oka. Huku kwetu tukaachiwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ambayo ilishang'olewa zamani.

Turudi kwenye mvua, maana hapa ndipo swali lako la mahindi linapojibiwa, na pH haihusiki sana. Huku tuna msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, ukivuka sana Mei. Kwa mwaka hesabu milimita 800 hadi 1,100 kutegemea na ulipo. Mtu akiona milimita 1,000 anasema mahindi yatakubali. Lakini sisi sote tunakijua kile kiangazi kidogo cha mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, wiki moja, mbili, jua linawaka na wingu halionekani. Piga hesabu. Udongo wako wa tabaka la juu, wenye mfinyanzi asilimia 9, ukiukadiria unashika kama milimita 100 za maji yanayofaa mmea kwa kila mita moja ya kina, na hapo nimekuwa mkarimu. Mizizi ya mahindi ya wiki sita tuipe sentimita 60, hiyo ni milimita 60. Mmea huanza kuteseka nusu ya maji hayo ikiisha, kwa hiyo akiba ya kweli ni milimita 30. Siku ya jua kali mahindi yaliyokwisha kufunika ardhi yanatumia milimita 5 hivi. Siku sita, akiba imekwisha. Kiangazi chako ni cha siku kumi na nne, na hapo ndipo mahindi yanapokaribia kutoa mbelewele.

Mkorosho hauna habari na hesabu hiyo kwa sababu mizizi yake inashuka mita kadhaa, na juu ya uwanda huu kwa kawaida hakuna mwamba wala tabaka gumu la kuizuia. Kina kile kile kinachopoteza maji ya mahindi ndicho ghala la mkorosho. Mihogo nayo inavumilia, mbaazi pia. Hakuna kati ya haya uliyoyaona kwenye cheti.

Mvua ndiyo inayoeleza pia kwa nini besi ziko chini. Miezi ya katikati ya msimu mvua inazidi maji yanayopotea kwa jua na mimea, na ziada inashuka chini ikibeba kalsiamu na magnesiamu. Udongo wa kichanga hauna pa kuvishikia. Halafu unakuja ukame wa miezi sita au zaidi, mboji inaoza au inaungua kwenye moto wa kusafisha mashamba, na kaboni inabaki kwenye 0.7 kama yako.

Sasa jina.  CEC yako ya 3.0 kule chini ni ndogo, lakini kwa kuupa udongo jina tunaangalia CEC ya mfinyanzi wenyewe: gawanya 3.0 kwa 18, zidisha kwa 100, unapata 16.7. Kwenye WRB, mfumo wa kimataifa wa kuupa udongo majina, mpaka wa tabaka lililochakaa kabisa, la kiferali, ni 16. Umekaa mpakani. Ila sehemu ya hiyo 3.0 imeletwa na mboji, na tukikadiria asilimia moja ya kaboni inachangia 3.5 hivi, yako ya 0.3 imechangia karibu 1. Toa, gawanya tena, inabaki kama 11. Mfinyanzi wako ni ule wa aina ya kaolini, hauna nguvu ya kushika. Besi ni 1.1 katika 3.0, asilimia 37, chini ya nusu.

Halafu angalia mfinyanzi unavyopanda kutoka 9 hadi 18. Kama ongezeko hilo ni la kweli na linatokea ndani ya kina kifupi, huo ni Akrisoli. Kama mfinyanzi unapanda polepole mno hadi mita na nusu bila mahali pa kusema "hapa ndipo ulipobadilika", tunazungumzia Ferralsoli, udongo uliochakaa kabisa. Arenosoli, yaani kichanga hasa hadi mita moja, naiondoa kwa sababu ya hiyo 18, ingawa ukishuka kuelekea pwani unaipata. Mimi dau langu liko kwenye Akrisoli. Lakini sampuli ya 20 hadi 50 imechanganya kila kilichomo humo, na chini ya 50 hatujui lolote, kwa hiyo hata afisa akikuandikia jina kwa cheti hiki, chukulia ni makisio.

Chimba shimo. Mita moja kwa mita moja na nusu, kina mita moja na nusu, ukuta wa kuusoma utazame jua. Usichimbe kwenye kichuguu wala chini ya mwembe ulio peke yake porini, maana mara nyingi penye mwembe kama huo ni mahame, watu waliishi pale kabla ya kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, na majivu na samadi za nyumbani bado zinapandisha namba mpaka leo. Kwangua ukuta kwa kisu. Lowesha kidonge cha udongo kutoka kila tabaka, ukisugue kati ya kidole gumba na cha shahada, halafu ujaribu kukiviringisha kiwe uzi. Wa juu utakatika kabla haujawa uzi. Mahali unapoanza kukubali kuviringika, weka msumari ukutani. Vunja bonge kutoka hapo uliangalie kwa lenzi ndogo: kama mfinyanzi umeteremka kutoka juu, utaona chembe za mchanga zimeshikanishwa na vidaraja vyekundu vinavyong'aa kidogo. Hicho ndicho kinachotenganisha majina mawili niliyotaja. Ukichukua sampuli, anza tabaka la chini upande juu, usije ukadondoshea udongo wa juu kwenye wa chini.

Jambo jingine ambalo hukulisema: sampuli ulizichukua nusu ipi? Kama ni chini ya mikorosho, hiyo pH ina mkono wa salfa. Salfa ya unga imepulizwa sana huku dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hasa tangu miaka ya 1990, na inayoanguka chini bakteria wanaigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele walilichunguza suala hili, siyo maneno ya kijiweni. Kilo moja ya salfa ikigeuka yote inahitaji kilo 3 na ushei za chokaa safi kuitengua, na udongo wenye CEC ya 3 hauna kinga. Halafu salfa inapulizwa kiangazi, lakini inageuka mvua zikianza. Sampuli ya Oktoba na ya Februari kutoka chini ya mti mmoja hazitalingana. Kwa hiyo tenganisha: mfuko wa chini ya mikorosho, mfuko wa katikati ya mistari, mfuko wa pori. Ukivichanganya unapata wastani wa shamba ambalo halipo.

Fosforasi achana nayo kwa sasa. Olsen imetengenezwa kwa udongo wa pH ya juu, kwa 5.1 waombe njia ya Bray 1, na usilinganishe namba za njia hizi mbili. Kuna maabara moja niliipelekea sampuli za pH 4.9 wakazipima zote kwa Olsen bila kuuliza, na bili ikaja ile ile.

Ramani za mtandaoni zitumie kwa kuchagua pa kuchimba tu. SoilGrids, ramani ya udongo ya dunia nzima, ina miraba ya mita 250, mraba mmoja ni kama ekari 15. Shamba lako lote ni mraba mmoja na kipande.

Chokaa usinunue bado. Mihogo na mikorosho hazisumbuliwi na 5.1. Omba kipimo cha alumini inayobadilishana kwenye tabaka la pili. Kama imechukua sehemu kubwa ya nafasi za kushikia virutubisho, hapo tutaongea chokaa, tena kidogo kidogo, kwa sababu udongo mwepesi hivi ukiumwagia tani nyingi kwa mkupuo unafanya zinki isipatikane kwa mmea na unafukuza potashi. Mahindi kama lazima uyapande, weka upande wa chini ambako mteremko unaanza kulegea, mbegu ya muda mfupi, na masalia usichome.

Ukishachimba, piga picha ya ukuta na futi ionekane, uweke hapa pamoja na kina ulichoweka msumari.