Kwa nini Dar hakuna pa kupimia unga
Kaka umeuliza mbona Dar hakuna sehemu mtu anapeleka unga, yaani heroini, upimwe kabla hajautumia, maana mdogo wako anatumia na unaogopa atakufa. Kikwazo cha kwanza sheria, ile ya dawa za kulevya ya 2015, ukikutwa na kete, kile kipakiti kidogo cha unga, tayari una kesi hata kama unaipeleka kupimwa, na anayeipokea akupimie naye kaishika, sasa nesi gani atakubali? Mkemia Mkuu wa Serikali anapima ila sampuli za kesi, sio za mtu wa mtaani. Uholanzi huduma hiyo ipo tangu 1992 na wizara yao ya afya inaigharamia. Halafu hata vile vimaji vya rangi, unadondoshea kitone kwenye chembe ya unga inageuka rangi, vinakuonyesha aina tu, nguvu yake havikwambii, na heroini nguvu ndo inaua, hasa mtu katoka jela mwili umeshaacha kuizoea alafu anarudia kipimo cha zamani. Mdogo wako mwambie asitumie peke yake kabisa, na umpeleke kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini, Muhimbili ipo, Mwananyamala ipo, bure, pale anatibiwa kama mgonjwa. Nenda nae wewe mwenyewe, usimwache aende na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, peke yake.