Mraba, Duara na Kosa Nililowekewa Bure

Juzi mama mmoja kaniandikia. Mwanawe wa darasa la saba hesabu anaziweza, ila akikuta mraba wenye duara ndani na yale maneno "tafuta eneo la sehemu iliyotiwa kivuli", anaweka kalamu chini. Dada yangu, wako wengi wa namna hiyo, na ndio wanaonilipia kodi ya nyumba kwa tuisheni.

Chukua lile la kawaida: mraba wenye upande wa sm 14, duara limegusa pande zote nne, kivuli kiko kwenye pembe. Mtoto anakimbilia kanuni kabla hajachora kitu. Mwambie aanzie katikati ya duara, apige mstari hadi pale duara linapogusa upande. Huo ni nusu kipenyo, sm 7, na unakutana na upande kwa nyuzi 90. Basi, kazi imekwisha: mraba 196, duara 22/7 × 7 × 7 = 154, kivuli sm² 42.

Mimi nikiwa shule niliona kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Duara la namna hiyo huchukua 11/14 ya mraba wake, uwe mraba wa kiwanja au wa kigae, maana ni ile 22/7 ukiigawanya kwa 4. Pembe zinazobaki ni 3/14. Kwenye mtihani wa majaribio nikaandika mstari mmoja tu: 196 × 3/14 = 42. Mwalimu akaniwekea kosa, na pembeni kwa wino mwekundu: "Umenakili kwa nani?" Nikamfuata ofisini na karatasi yangu nimweleze. Hakuinua hata macho. Jirani yangu wa dawati, jibu hilohilo kwa njia ndefu, alipata alama zote. Yameshapita, najua. Lakini walimu wenzangu, mtoto akileta njia msiyoizoea, muulizeni kwanza.

Na nyie vijana mnaopiga picha swali simu iwajibu: chumba cha mtihani mtaingia na nani? Chora. Ukikosea, futa, chora tena. Hata lile la maua linalotisha watu, nusu duara nne zilizochorwa kutoka kila upande wa mraba huohuo zikapishana ndani, halihitaji kukata petali vipandevipande. Jumlisha nusu duara zote: 308. Toa mraba: 112. Hizo ndizo petali, kwa sababu kila moja ilihesabiwa mara mbili.

Swali la kaka wa yule mtoto wa darasa la saba, aliye sekondari, ni hili. Kwenye mraba wetu wa sm 14 wenye duara ndani, ingiza kiduara kwenye pembe, kiguse pande mbili na duara kubwa. Kutoka katikati ya mraba hadi ncha ya pembe ni 7√2, kama 9.9. Toa 7, inabaki 2.9. Hapa wengi wanaigawanya kwa mbili wakidhani ni kipenyo cha kiduara, na nikisahihisha nacheka peke yangu. Kiduara hakifiki kwenye ncha ya pembe! Nusu kipenyo chake kikiwa r, kutoka katikati yake hadi ncha ni r√2, sio r. Kwa hiyo r + r√2 = 2.9, na r ni takriban sm 1.2.