Maporomoko ya mawe ya volkano: maji yanapotelea wapi?

SWALI: Fundi, jambo. Tumejenga kidimbwi cha simenti nyuma ya nyumba hapa Himbi, Goma: mita 2 kwa mita 1 na nusu, kina sentimita 60. Hatukuchimba, tumepandisha ukuta juu ya mwamba. Mwanangu alipanga mawe ya volkano pembeni, pompi inapandisha maji na yanashuka kama maporomoko. Yanapendeza, lakini kila asubuhi naongeza bidoni mbili za lita 20. Masoni anasema simenti imepasuka, tuvunje yote. Tena tilapia niliowatia juma lile lile tulilomaliza kujenga wamekufa wote. Nifanyeje? (Mama wa Himbi)

JIBU: Jambo mama. Nyundo ikae pembeni kwanza. Lita 40 kwenye kidimbwi chenye mita 3 za mraba ni zaidi ya sentimita moja kwa siku. Jua la Goma halinywi kiasi hicho, kwa hiyo maji yanavuja kweli. Swali ni wapi.

Jioni jaza kidimbwi, zima pompi, piga alama ukutani kwa penseli. Weka kando yake ndoo ya maji, nayo uipige alama. Kesho yake saa ile ile linganisha. Vikishuka sawasawa, beseni ni zima na maji yanapotelea kwenye maporomoko. Kidimbwi kikishuka kuliko ndoo, masoni ana haki, ingawa hata hapo ufa hutafutwa ukazibwa, hauvunjiwi kidimbwi kizima.

Mimi nabahatisha ni maporomoko. Lava ilipokuwa ikipoa, gesi iliacha vitundu ndani ya jiwe, na jiwe hilo huvuta maji kama utambi wa koroboi: yanapita ndani yake, yanatokea mgongoni, yanaishia kwenye udongo bila wewe kuona tone. Kupaka simenti kati ya jiwe na jiwe hakusaidii. Jiwe ni la macho tu; kinachozuia maji lazima kiwe chini yake.

Kwa hiyo piga picha mpangilio wa mwanao, kisha vua mawe yote. Tengeneza ngazi kwa mawe ya kawaida na simenti, usawazishe juu yake vizuri, maana ncha za lava hukata plastiki kama wembe. Tandika magunia ya zamani, halafu plastiki nene, kipande kimoja bila kiungo. Kingo zake za kulia na kushoto zisimame sentimita 10 juu ya njia ya maji, na mwisho wake wa chini uingie ndani ya beseni. Hapo watu wengi hukosea: wanaikata plastiki ukingoni kabisa, maji yanarudi nyuma kupitia chini yake.

Sasa rudisha mawe. La mdomoni, pale maji yanapoanza kudondoka, liwe bapa, litokeze mbele kama sentimita 5, na nyuma yake pazibwe kwa simenti ili maji yapite juu, yasipite chini. Ukinunua mengine kwa wale wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, chagua mwenyewe kabla hayajapakiwa. Bapa ni machache.

Pompi: kila sentimita ya upana wa mdomo inataka karibu lita 150 kwa saa. Mdomo wa sentimita 20 ni lita 3000. Lakini Q max (kiasi cha maji kwa saa) iliyoandikwa kwenye kartoni ni ya pompi isiyopandisha maji popote. Kadiri unavyokaribia H max (urefu wa mwisho ambao pompi inaweza kupandisha), maji yanapungua mpaka yanakata. Chukua kubwa kuliko hesabu.

Samaki wako wameuawa na chokaa ya simenti mpya. Jaza, acha siku kadhaa, mwaga, sugua kuta kwa siki, rudia mara tatu au nne. Ukipima pH (kipimo cha ukali wa maji, chokaa hukipandisha) usishtuke kuona 9: maji ya ziwa Kivu yenyewe yako karibu hapo, na tilapia wanayavumilia. Pima ya bombani na ya kidimbwini. Yakilingana, simenti imetulia. Samaki aitwaye sambaza usimjaribu, ni wa maji mapana, hafiki nyumbani akiwa hai. Tilapia wadogo watakula pia mabuu ya mbu, jambo la maana siku umeme ukikatika na maji yakasimama.

Vizuri kwamba hamkuchimba. Kwenye mabonde na mashimo ya lava, hasa upande wa kuelekea Sake, mazuku, ile gesi nzito ya kaboni dioksidi isiyoonekana, hujikusanya chini, na mtoto akiinama humo anaweza kufa.

Neno la umeme: pompi ya volti 220 majini bila disjonkta diferansieli ya miliampea 30 (swichi inayokata umeme unapovuja) siikubali kwa mteja yeyote. Kama fundi umeme wako hana, nunua ya volti 12 na paneli ya jua. Itapandisha maji pungufu, basi mdomo wa maporomoko uwe sentimita 10.