Maswali ya Wasomaji: Msimbo Mmoja, Kompaila Nyingi

SWALI: Programu yetu ya C husoma mita za maji katika majumba ya kupangisha. Seva iliyoko Industrial Area ni CentOS 7 (Linux ya zamani) yenye GCC 4.8.5, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, na mwenyewe hataki iguswe. Laptopu mpya niliyopewa ina GCC 15. Msimbo unaopita kule bila neno, huku unakataliwa. Nikiurekebisha ukubalike huku, kule unagoma. Nifanyeje bila kuweka nakala mbili? *– Msomaji, Umoja*

JIBU: Nakala mbili usiweke kamwe. Zitaachana taratibu hadi hakuna ajuaye ipi ndiyo sahihi.

Anza na Makefile, faili ya maagizo ya kujenga programu. Bila shaka haitaji kiwango cha lugha, kwa hivyo kila GCC inachukua chake: 4.8 husoma msimbo kama gnu89 (C ya 1989 pamoja na nyongeza za GCC), toleo la 5 lilihamia gnu11, la 8 likaenda gnu17, na la 15 gnu23. Faili ileile inahukumiwa kwa sheria tofauti kila ukibadilisha mashine. Andika `-std=gnu99` kwenye CFLAGS, mstari wa Makefile wenye chaguo za kompaila. 4.8 huikubali gnu11 pia, lakini `_Generic` na `_Atomic`, vipengele vya C11, zilifika katika 4.9, kwa hivyo seva yako itazikataa. Wala usichague c99 tupu (isiyo na nyongeza za GCC), isipokuwa uko tayari kuweka `#define _POSIX_C_SOURCE 200809L` kabla ya `#include` ya kwanza. Bila hiyo `strdup` na `popen` hazitangazwi.

Hapo kelele nyingi zitanyamaza. Zitakazobaki ni makosa ya kweli ambayo kompaila ya zamani ilikuwa ikiyafumbia macho.

Baya zaidi ni kuita fankisheni isiyotangazwa. Tangu GCC 14 hilo ni kosa, si onyo tena. Wengi hukimbilia `-fpermissive` ili ligeuke onyo. Tunakusihi usifanye hivyo. Fankisheni isipotangazwa, kompaila hudhani inarudisha int ya biti 32. Ikiwa inarudisha pointa (anwani ya kumbukumbu), kwenye mashine ya biti 64 nusu ya anwani hukatwa, na programu huanguka mbali kabisa na mahali kosa lilipo. Dawa ni mstari mmoja: ongeza `#include` ya heda inayohusika, yaani faili ya .h inayotangaza fankisheni hiyo. `man 3 strdup` itakuonyesha heda na makro inayotakiwa, na mstari huo hauidhuru 4.8 hata kidogo. Ikiwa mradi una hati ya `configure`, inayopima mfumo kabla ya kujenga, isome config.log pia. Vijaribio vyake vya zamani huita `exit` bila heda, GCC 14 huvikataa, kisha `configure` huamua kwamba mfumo wako hauna kitu ambacho kwa kweli unacho. Kwenye skrini hutaona kosa lolote.

Jingine hutokea wakati wa kuunganisha: `multiple definition of 'idadi_mita'`. Zamani `int idadi_mita;` ndani ya heda iliyoingizwa na faili tano ilifanywa kigeu kimoja kimyakimya. Tangu GCC 10 (2020), `-fno-common` ndiyo kawaida. Weka `extern int idadi_mita;` kwenye heda na `int idadi_mita;` katika faili moja tu ya .c.

Mwisho, `typedef int bool;`. Ukiwa gnu99 haitakusumbua, lakini katika C23, kiwango kilicho msingi wa gnu23, `bool` ni neno la lugha yenyewe. Tumia `<stdbool.h>`, ila kwa uangalifu: int ni baiti 4, bool halisi kwa kawaida ni baiti 1. Kama kuna struct unayoiandika kwenye diski au kuituma kwa mita, mpangilio wake utabadilika. Humo ndani weka `int32_t` wazi.

SWALI: Tunatumia `#if __GNUC__ >= 7` kuweka `__attribute__((fallthrough))`, alama ya kwamba `case` moja inaendelea hadi inayofuata kwa makusudi. Mwenzangu ana Clang mpya (kompaila nyingine) na `-Wimplicit-fallthrough`, na maonyo hayaondoki. *– Msomaji, Kasarani*

JIBU: Clang hujitambulisha kuwa GCC 4.2, hata iwe mpya namna gani. Usiulize toleo, uliza uwezo:

```
#ifdef __has_attribute
# if __has_attribute(fallthrough)
#  define PITA __attribute__((fallthrough))
# endif
#endif
#ifndef PITA
# define PITA ((void)0)
#endif
```

Usiyaunganishe masharti mawili ya mwanzo kwa `&&` katika mstari mmoja. GCC ya kabla ya 5 hailijui jina `__has_attribute`. Hulichukua kuwa 0, ikaona `0(fallthrough)`, ikakataa mstari mzima. Yakiwa moja ndani ya jingine, la ndani hurukwa bila kusomwa.

SWALI: Nitajaribuje matoleo yote hayo kwenye laptopu moja bila kumaliza bando? *– Msomaji, Ngara*

JIBU: Kwa Docker, chombo cha kuendesha mazingira ya mfumo mwingine ndani ya laptopu, na upakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi, maana taswira moja ya gcc (mazingira yaliyofungashwa tayari) hupita GB 1 ikishafunguliwa. Huhitaji zote. Chukua ya zamani unayoihudumia, mpya kabisa, na moja ya katikati:

`docker run --rm -v "$PWD":/src -w /src gcc:15 make clean all`

Hiyo `clean` usiiache, la sivyo faili za .o za kompaila iliyotangulia zitatumika tena na utadhani umejaribu. Kwa 4.8 tumia `centos:7`, lakini hazina zake za kawaida zilifungwa baada ya 30 Juni 2024. Elekeza yum, kisakinishi chake, kwenye vault.centos.org kwanza. Na programu ya kupeleka kwenye seva ya CentOS 7 ijengwe humo humo. Ukiijenga kwenye mfumo mpya itadai `GLIBC_2.34` (toleo la maktaba kuu ya C), na kule ipo 2.17.

SWALI: `-Werror`, inayogeuza maonyo kuwa makosa, ibaki kwenye Makefile? *– Msomaji, South B*

JIBU: Kwenye mashine zenu za majaribio, ndiyo. Kwenye kifurushi mnachowapa watu, hapana. GCC 8 iliingiza `-Wstringop-truncation` ndani ya `-Wall` (kundi la maonyo ya kawaida), na msimbo ambao haujaguswa ukaacha kujengeka. Andika `CFLAGS += $(UKALI)`, kisha nyinyi mwite `make UKALI=-Werror`.